Kodi Imelipwa

Simu ya marehemu ilikuwa ikilia ndani ya ukumbi, na mlango ungali na lakiri ya serikali.

Aliyekuwa akiipiga ni mwenye ukumbi. Alisimama barazani tangu asubuhi, stakabadhi ya kodi mkononi, akimsubiri mkaguzi wa kamari aje kumfungulia. Mwezi mzima mashine zake za kamari zilikuwa zimelala kwa sababu ya deni la kodi. Deni kalimaliza jana, na mkaguzi kamwahidi kufika mapema. Sasa simu ya mkaguzi inalia nyuma ya mlango ambao nyuma yake hakupaswa kuwa na mtu.

"Labda aliisahau siku alipofunga," mlinzi alisema.

"Mwezi mzima, na chaji haijaisha?" mwenye ukumbi alimfokea. "Una akili wewe? Ita polisi!"

Polisi wakaja. Aliyeongoza msafara alikuwa Inspekta, mwanamke wa makamo, mfupi, aliyependa viatu vya raba kuliko vya ofisi. Kituoni walimwita Mama Subira kwa utani, maana subira hakuwa nayo hata chembe. Lakini mbele ya mlango ule alitulia. Alimwamuru koplo wake apige picha kwanza, kisha akaitazama lakiri kwa karibu. Waya nyembamba ilipitishwa kwenye pete za komeo, ncha zake zikabanwa ndani ya kidonge cha madini ya risasi, na juu ya kidonge ikagandamizwa namba ya mkaguzi. Kazi hiyo hufanywa kwa koleo maalumu. Kila mkaguzi ana lake, lenye namba yake.

"Namba ya nani hii?" aliuliza.

"Ya huyo huyo tunayempigia simu," alijibu mwenye ukumbi.

Inspekta alikata waya mbali na kidonge, akaitia yote kwenye mfuko wa vielelezo. Wakaingia.

Ukumbi haukuwa na dirisha wala saa. Aliyeujenga alitaka watu wasahau kama nje kuna jua. Kati ya safu mbili za mashine alilala kijana wa kiume, kifudifudi, shati limeingia damu mabegani. Mashine tatu zilikuwa wazi, mita zao za kuhesabu fedha zikionekana. Kando yake palikuwa na mkoba, tochi iliyoishiwa betri, na lakiri nyingine iliyokatwa. Koleo halikuwapo.

Daktari wa uchunguzi wa maiti hakuchukua muda.

"Pigo moja kisogoni. Kitu kizito, butu. Fuvu limebonyea."

"Lini?"

"Jana, kabla jua halijazama. Alikuwa ameinama. Hakupigana na mtu, masikini ya Mungu."

Mwenye ukumbi alichungulia kutoka mlangoni, akakohoa kidogo.

"Sasa, afande, mtanifungulia lini?"

Inspekta alimgeukia. "Bwana, kuna mtu amekufa hapa."

"Namwona. Lakini kodi nimelipa."

Basi hapo Inspekta akaanza siku yake akiwa ameshakasirika, na haikuwa na dalili ya kutengemaa.

Mambo yenyewe yalikuwa wazi hadi hapo. Kanuni inamtaka mkaguzi asome mita kabla ya kufungua ukumbi, mwenye ukumbi asiwepo. Kijana alikuja jana alasiri, akakata lakiri ya zamani, akaingia na tochi. Mtu akamfuata. Akampiga, akatoka, kisha akafunga komeo na kuweka lakiri mpya kwa koleo la marehemu. Nani muuaji wa namna hiyo? Wengine hukimbia. Huyu kabaki barazani anabana waya.

"Wewe ulifika lini?" Inspekta alimuuliza mlinzi.

"Magharibi, afande. Ndiyo zamu yangu."

"Lakiri ilikuwapo?"

"Ilikuwapo. Niliishika hivi kwa mkono. Nikakaa."

"Ukalala?"

"Silali kazini."

"Kwa hiyo umekesha unalinda maiti."

Mlinzi alifunika uso kwa kofia yake. Mwenye ukumbi hakumwonea huruma.

"Mwulize alimwambia nini mkaguzi wiki iliyopita, alipopita kuangalia lakiri! Alimtukana hapa hapa, watu wanasikia. Alisema atamkomesha."

"Ni kweli?"

"Nilisema, afande." Sauti ya mlinzi ilikuwa chini. "Siku lakiri ilipowekwa, bosi aliniambia mashine zikilala na mshahara unalala, ila niendelee kulinda. Nilikuwa na njaa. Mtu mwenye njaa anasema mengi."

Hayo yakatosha kwa mkuu wa kituo. Alikuwa mtu wa majalada membamba. Saa chache baadaye mlinzi alikuwa rumande bila mkanda wala viatu, na Inspekta alikuwa ofisini kwa mkuu, amesimama.

"Alikuwepo. Alimtishia. Unataka nini tena?" aliuliza mkuu. "Kesho anapandishwa kizimbani kwa kosa la kuua."

"Koleo hatujalipata, mkuu."

"Kalitupa. Nimepigiwa simu mara nne kutoka wizarani leo. Ukumbi ule unaingiza mapato mazito. Hawaulizi kafa nani, wanauliza utafunguliwa lini."

"Mlinzi akitiwa hatiani, unajua kinachomngoja."

"Najua. Ndiyo maana nakuambia kesho asubuhi. Ukiwa na mwingine, mlete kabla ya hapo. Huna, nyamaza."

Alipotoka alimkuta mke wa mlinzi kwenye benchi la mapokezi. Alikuwa amekuja na sabuni na shuka, askari wa zamu wamezikataa, naye amekataa kuondoka.

"Dada," alisema akimshika Inspekta mkono, "huyu mume wangu hata kuku wa kwake mwenyewe hawezi kumchinja. Huniita mimi. Anakaa chumbani mpaka nimalize. Huyo ndiye muuaji?"

"Nenda nyumbani upumzike, mama."

"Sitoki. Nitoke niende wapi? Watoto watauliza baba yuko wapi, mimi nitawaambia nini?"

Inspekta alimwambia askari wa zamu apokee ile shuka, na akasimama pale mpaka ilipopokewa.

Koplo aliazima koleo jingine na vipande vya waya kutoka idara ya ukaguzi. Wakamtoa mlinzi rumande, wakamkalisha mbele ya komeo la kabati.

"Funga lakiri," alisema Inspekta.

"Sijui, afande."

"Funga unavyojua."

Mlinzi aliikamata waya, akaizungusha, akaipiga fundo, akaipiga jingine, kisha akabana kidonge kando kabisa, waya iko nje. Koplo alishindwa kujizuia, akacheka.

"Mzee, hapo umefunga mbuzi!"

"Anaigiza huyo," alisema mkuu aliyekuwa amesimama mlangoni. Akaenda zake.

Inspekta aliinamia meza. Alikuwa amezimwaga zile lakiri mbili mezani, chini ya taa: moja iliyokatwa na marehemu mwenyewe, nyingine aliyoikata yeye asubuhi. Namba ile ile. Koleo lile lile, hata mkwaruzo wake ulikuwa mmoja. Lakini waya ya zamani ilipita komeoni mara moja, ncha zikakatwa pale kwenye kidonge. Ya lakiri mpya ilipita mara mbili, kisha ncha zikakunjwa kurudi nyuma na kuchomekwa ndani ya kidonge, ili asitokee mtu wa kuzivuta. Ilikuwa kazi safi, ya mtu asiye na haraka.

"Koplo, njoo uone. Koleo moja, mikono ya watu wawili."

Koplo aliinama. "Sasa afande, nani anaua mtu halafu anatulia kufunga vizuri namna hii?"

"Mtu ambaye hajui kufunga vibaya," alisema Inspekta, akachukua ufunguo wa gari.

Njiani koplo aliungama kwamba wiki ile alishinda kubeti mpira, na serikali ikakata kodi yake kabla hajaishika hela. "Nikipoteza ninapoteza peke yangu," alilalamika. "Nikishinda, tunashinda wawili." Inspekta alimwambia anyamaze aendeshe gari.

Mkuu wa idara ya ukaguzi alikuwa kijana mwenye suti ya kumbana. Nyuma ya kiti chake ulining'inia ubao mkubwa: malengo ya mapato kwa mwaka, kwa rangi. Alisema idara nzima imefiwa. Kisha akauliza ukumbi utaachiwa lini.

"Wewe ni wa ngapi kuniuliza leo!" Inspekta aliweka mfuko wa kielelezo mezani. "Nani kafunga hii?"

"Namba ni ya marehemu."

"Sikukuuliza namba."

Mkuu wa idara aliivuta karibu. Uso ukambadilika.

"Loo. Hii ni namna ya zamani ya kufunga. Tuliiacha, inamaliza waya."

"Nani hakuiacha?"

"Sasa hivi hakuna."

"Na zamani?"

"Alikuwapo mzee mmoja. Tulimwandikia barua mpaka tukachoka. Alisema lakiri ya mzunguko mmoja ni mzaha. Lakini alistaafu, afande. Na mzee huyo ndiye aliyemlea marehemu kikazi. Kijana alimwita baba."

"Nani alimwambia jana kwamba kodi imelipwa?"

Mkuu wa idara alisita. "Alikuwa hapa. Huja kutusalimia. Marehemu mwenyewe alimwambia, kwa furaha tu, kwamba anakwenda kusoma mita."

Nyumba ya mzee ilikuwa safi na tupu. Sakafuni mlikuwa na alama ya mraba mahali friji liliposimama zamani, na ukutani alama ya kabati. Vimebaki viti viwili vya plastiki na kabati dogo la nguo lililoonekana kupitia mlango wa chumbani. Mke wa mzee aliwapokea kwa bashasha iliyopitiliza.

"Karibuni, wanangu, karibuni! Nyie ndio wa ile kesi? Masikini, kijana wa watu. Alikuwa anakula hapa hapa." Alijifuta mikono kwenye kanga ingawa haikuwa na maji. "Eti mwanangu, pale ukumbini mtapafungua lini? Naulizia tu."

Mzee alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, mrefu, mkavu, shati limepigwa pasi. Aliposikia swali lile aliinamisha kichwa. Inspekta alimwona, na hapo akajua sababu, ingawa hakutaka kuijua.

"Shikamoo, mzee. Tunaomba msaada wako kituoni. Ni kuhusu lakiri."

"Marahaba." Hakuuliza lakiri gani. Alisimama, akachukua koti lililokuwa tayari nyuma ya kiti.

"Utarudi kula?" mkewe aliuliza.

"Wewe kula tu, mama. Usinisubiri."

Pale mapokezi mke wa mlinzi bado alikuwa kwenye benchi, macho yamevimba. Mzee alisimama.

"Huyu mama ana nini?"

"Mumewe ni mlinzi wa ukumbi," Inspekta alisema. Hakupunguza neno. "Kesho anashtakiwa kwa kumuua mkaguzi."

Mzee alimtazama yule mama kwa muda, kisha akaongoza mwenyewe kuelekea chumba cha mahojiano.

Inspekta alimsomea onyo la kisheria, akamweleza kwamba ana haki ya kunyamaza. Kisha akaweka lakiri mezani.

"Unaijua?"

"Naijua."

"Nani kaifunga?"

"Mimi." Aliisukuma kidogo kwa kidole. "Mwachieni yule mlinzi. Hana hili wala lile."

Koplo aliacha kuandika. Inspekta alimwashiria aendelee.

"Ulikwenda pale kumuua?"

"Mwanangu wa kazi? Mungu aniepushe. Nilikwenda kumwomba."

"Kumwomba nini?"

Mzee alikunja mikono.

"Miaka yote ya kazi nilikuwa mtu wa safari. Nakagua kumbi za watu, mji huu na ule. Mke wangu alizoea nyumba tupu. Nilipostaafu nikarudi, nikamkuta na yeye hayupo. Asubuhi yuko kwenye mashine, jioni yuko kwenye mashine. Friji likaenda. Kabati likaenda. Kiinua mgongo changu kikaenda nusu kabla sijajua. Nikimsema analia, ananiapia, kesho yake yuko kule kule."

"Ulitafuta msaada?"

"Nilikwenda idarani kwangu. Nikasema mzuieni asiingie. Wakaniambia, mzee, huyo ni mtu mzima, mchezo ni halali, leseni ipo, kodi inalipwa." Alicheka bila furaha. "Maneno hayo hayo nilikuwa nawaambia mimi wake za watu waliokuja kunililia. Nilikuwa nayasema vizuri sana."

"Kisha ukumbi ukafungwa."

"Kwa deni la kodi. Si kwa ajili ya mtu yeyote. Ungefungwa kwa ajili ya watu wangapi! Hapana, umefungwa kwa sababu serikali haijapata chake." Sauti ilianza kumpanda. "Wiki ya kwanza alilia kama mfiwa. Ya pili akaanza kulala usingizi. Baadaye akapika. Tukakaa, tukaongea, mama, mambo ya ujana wetu. Akaniita jina la utani alilonipa tulipooana, sikuwa nimelisikia miaka na miaka. Nikasema, nimempata. Mke wangu nimempata. Kidogo tu tena, atapona."

Akaigeuza ile lakiri mezani. Inspekta, ambaye hakuwa na subira, alisubiri.

"Jana kijana akaniambia kodi imelipwa. Nikamfuata. Nikamkuta na tochi, anasoma mita. Nikamwambia, mwanangu, nipe mwezi mmoja tu. Tafuta kosa. Mashine hizi hazikosi kosa, wewe na mimi tunajua."

"Akasema nini?"

"Akacheka. Si kwa dharau, alikuwa kijana mzuri. Akasema, 'Baba, wewe ndiye ulinifundisha. Kodi ikilipwa, lakiri haikai hata siku moja.' Halafu akainama kwenye mita. Koleo lilikuwa juu ya mashine, mbele yangu."

Koplo alikuwa ameinamia karatasi zaidi ya ilivyohitajika.

"Kwa nini uliweka lakiri, mzee?" Inspekta aliuliza. "Ungeondoka tu, mlango wazi, tusingekujua."

Mzee aliifikiria kweli, kama mtu aliyeulizwa jambo la kazini.

"Nilitaka ubaki umefungwa. Na mikono yangu haijui namna nyingine ya kufunga."

"Koleo liko wapi?"

"Nyumbani, kabati la nguo, rafu ya juu. Nimelifuta, nimelipaka mafuta."

"Hukulitupa? Kielelezo cha kukutia kitanzi?"

"Nitalitupaje?" Mzee alimshangaa. "Ni mali ya serikali."

Koleo lilipatikana mahali alipolitaja. Mlinzi akaachiwa jioni ile. Mkewe hakushukuru mtu. Alimvuta kwa mkono mpaka nje kama anayeogopa kuitwa tena. Mlinzi alirudi mara moja tu, kumuuliza Inspekta kama kuna ofisi ya kudai mshahara wa mwezi aliolinda. Inspekta alimwambia hajui, na ilikuwa kweli.

Asubuhi mzee alipandishwa kizimbani. Waandishi wa habari hawakufika. Walikuwa wizarani, kulikuwa na tangazo la kiwango kipya cha kodi ya kamari. Kabla ya kuingizwa kwenye gari la magereza, mzee alimwita Inspekta.

"Mama, ile nyumba haina simu tena. Mwambie wewe mwenyewe. Asije akalisikia barabarani."

"Nimwambie nini?"

"Ukweli. Na mwambie sijutii ule mwezi." Alishika mlango wa gari. "Kijana namjutia mpaka naingia kaburini. Ule mwezi sijutii."

Inspekta alikwenda. Alibisha, akabisha tena. Jirani aliyekuwa akifagia alisimamisha ufagio.

"Mama huyo katoka zamani. Kaondoka mbio mbio, hata mlango hakufunga vizuri."

"Kaenda kumtafuta mumewe?"

Jirani aliguna. Alirudi kwenye ufagio wake.

Ukumbi ulikuwa wazi. Mkaguzi mpya alikuwa amekuja mapema, amemaliza kusoma mita, ameondoka. Pale alipolala kijana pamepigwa deki, na harufu ya dawa ya sakafu ilikuwa bado kali. Mashine zilikuwa zikiimba zote pamoja. Mwenye ukumbi alimpungia Inspekta mkono kwa adabu akiwa kwenye dirisha la malipo.

Mke wa mzee alikaa kwenye mashine ya safu ya nyuma, mkoba mapajani, kanga imemteleza begani. Inspekta alisimama kando yake.

"Mama."

"Ee, mwanangu."

"Mumeo amekiri. Ndiye aliyemuua yule kijana. Ameshapelekwa gerezani." Aliinama karibu na sikio lake. "Alitaka pasifunguliwe. Kwa ajili yako."

Mwanamke hakugeuka. Lakini alisikia, hilo halikuwa na shaka. Mabega yalishuka, na mlio mdogo ukamtoka kooni, mlio wa mtu aliyeungua. Machozi yakaanza kumdondoka, yakamwagikia kwenye kitufe.

"Twende, mama. Nikupeleke ukamwone."

"Nakuja," alisema. "Nakuja sasa hivi, mwanangu. Moja tu."

Alikifuta kitufe kwa ncha ya kanga, akabonyeza.